Amplifaya Inayokata Sauti na Kurudi: Namna ya Kuiwinda Hitilafu Mpaka Uipate

Amplifaya iliyokufa kabisa ina nafuu yake. Unaiwasha, haiwaki, unaanzia kwenye fyuzi na kwenda mbele. Inayotesa watu ni ile inayoimba vizuri nyumbani, ikaimba vizuri wakati wa kujaribu vyombo, halafu katikati ya wimbo wa pili sauti ikazama. Mpigaji anapiga kofi juu ya boksi, sauti inarudi. Ikifika kwa fundi inaimba kutwa nzima bila kukata hata mara moja, na mwenyewe anaambiwa haina tatizo. Au fundi anabadilisha aisii ya pawa, kile kipuri cheusi chenye miguu mingi kinachosukuma spika, "kwa uhakika", mteja analipa, na Jumapili inayofuata mambo ni yale yale.

Hitilafu ya kuja na kuondoka kwa kawaida haitokani na kipuri kilichoungua. Transista iliyoungua haiponi kwa kupigwa kofi. Inatokana na mahali ambapo vyuma viwili vinatakiwa kugusana na havigusani sawasawa: ndani ya tundu la jeki, kwenye kiungo cha lehemu, kwenye soketi ya waya, ndani ya relei (swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme), kwenye nyuzi za spika. Kwa hiyo usinunue kipuri chochote kabla hujajua sauti inapotelea sehemu gani ya njia yake, na sehemu kubwa ya upelelezi huo hufanyika boksi likiwa bado limefungwa.

Maelezo haya ni ya amplifaya za gitaa, besi na kinanda za transista, zile zenye spika ndani ya boksi hilo hilo, ambazo ndizo nyingi makanisani na kwenye bendi. Za valvu, zile zenye chupa za kioo, nitazigusa kidogo tu, kwa sababu nitakayoieleza.

Hatua ya 1: Sikiliza inavyokata

Tazama taa ya mbele wakati sauti inapopotea. Ikizimika pamoja na sauti, achana na habari za jeki na spika. Ni umeme hauingii. Plagi za pini tatu bapa tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda zina fyuzi ndani yake, na vishikio vya fyuzi hiyo vikilegea, au skrubu ya waya ikilegea, umeme unakatika kila plagi inapotikisika. Baada ya nusu saa ya kupiga, zima, chomoa plagi uishike. Ikiwa ya moto, umepata pa kuanzia. Angalia pia mahali waya wa umeme unapoingia kwenye boksi. Ule wa kuchomoa mara nyingi huwa haujazama hadi mwisho.

Taa ikibaki inawaka, sikiliza namna ya ukimya wenyewe. Sauti ikikatika ghafla na kurudi ukipiga noti moja kwa nguvu, kuna kutu nyembamba kwenye vyuma vinavyogusana. Mawimbi madogo hayapiti, kubwa linaipasua. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Sauti ikififia taratibu huku ikikoroma, fikiria betri ya besi au umeme wa ndani unaoshuka. Ukisikia "tak" ndani ya boksi kabla ya kimya, relei ya ulinzi imeachia. Na ikiwa inakata baada ya kupiga kwa nguvu kwa muda, kisha inarudi yenyewe ikipumzishwa, joto linahusika. Yaandike. Mtu akiwa jukwaani husahau haraka ilikata vipi, na kesho yake atakwambia tu "inakata".

Hatua ya 2: Ondoa kwanza vilivyo nje ya boksi

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kebo na gitaa kwa pamoja na sauti ikatulia, hujajifunza lolote.

Anza na kebo. Tumia moja unayojua ni nzima. Kisha toa pedali zote, gitaa liingie moja kwa moja. Kama ni besi yenye saketi ya betri ya volti 9, weka betri mpya kabla ya kulaumu kitu kingine. Kwenye besi nyingi za namna hiyo plagi ya kebo ndiyo inayowasha saketi ya ndani, kwa hiyo kebo ikiachwa imechomekwa usiku kucha betri inaliwa, na keshoye katikati ya ibada besi inaanza kukoroma na kuzama. Angalia pia nati ya jeki ya gitaa lenyewe. Ikilegea, jeki inazunguka, na nyaya za nyuma yake zinajisokota hadi kukatika.

Sasa chomeka kebo kwenye amplifaya na uitikise kidogo pale inapoingia. Ikikwaruza, kuna mawili. Kama ni uchafu, kuchomeka na kuchomoa mara kadhaa kunatuliza tatizo kwa muda. Kama ni lehemu iliyopasuka nyuma ya jeki, kuchomeka na kuchomoa hakusaidii, lakini kuisukuma plagi upande mmoja kunarudisha sauti na upande wa pili kunaikata. Jeki nyingi za siku hizi zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi; nati ya mbele ikilegea, kila mtu anapoikanyaga kebo nguvu yote inakwenda kwenye lehemu.

Hatua ya 3: Kipimo cha Send na Return

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda. Nyuma ya amplifaya nyingi kuna matundu mawili yaliyoandikwa Send na Return, au Preamp Out na Power Amp In. Ni ya kuunganisha mashine ya mwangwi na nyinginezo, na wapigaji wengi hawajawahi kuyatumia. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa.

Sauti ya gitaa hukuzwa kwanza kwenye sehemu ya mbele, kwenye vitufe vya toni na gain, kisha huelekea kwenye pawa inayosukuma spika. Katikati ya safari hiyo inapitia ndani ya tundu la Return. Tundu likiwa tupu, kilimi chembamba cha chuma kinalalia chuma kingine na kuipitisha sauti yote. Ukichomeka plagi, kilimi kinainuliwa na njia ya ndani inakatwa. Sasa fikiria kilimi hicho kimekaa miaka bila kuguswa, Tanga au Mombasa au Unguja, ambako hewa ina chumvi. Kinashika kutu nyembamba isiyoonekana kwa macho, na siku moja kinaanza kukata.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Chukua kebo fupi, upande mmoja Send, upande wa pili Return, kisha piga. Sauti iliyokuwa inapotea ikitulia, mkosaji ni kilimi cha Return. Ukiwa na shoo usiku huo, acha kebo hiyo hapo hapo na uendelee na kazi, haiharibu kitu.

Ikiwa bado inakata, matundu hayo hayo yanakusaidia kuigawa amplifaya nusu kwa nusu. Chomoa upande wa Return wa kebo, ule wa Send ubaki, uupeleke kwenye miksa au amplifaya nyingine, upige huku unasikiliza kote kuwili. Kwenye mashine nyingi kuchomeka Send peke yake hakuzuii spika ya ndani kuimba. Subiri ikate. Spika ya ndani ikinyamaza huku miksa inaendelea, sehemu ya mbele ni nzima. Tafuta kwenye Return, pawa, relei na spika. Zikinyamaza zote mbili, tatizo liko kabla ya Send: jeki ya kuingizia, volyumu, swichi ya chaneli, au tundu la swichi ya mguu.

Geuza kipimo pia. Weka muziki kutoka kwenye simu kuingia Return, ukianza na sauti ya chini kabisa, na uuache uimbe saa nzima. Usipokata hata mara moja, pawa na spika viko salama. Faida nyingine ya muziki wa simu ni kwamba mikono yako yote miwili inabaki huru kutikisa na kugonga, wakati gitaa lingekuhitaji uendelee kupiga.

Amplifaya ndogo za mazoezi hazina matundu hayo, lakini zina tundu la hedifoni, nalo lina kilimi cha aina ile ile. Kwa nyingi, mkondo wote wa spika unapita hapo. Sauti ikipotea, chomeka hedifoni bila kuzivaa masikioni. Zikiimba, mashine inafanya kazi na ni spika tu haipati. Ukizichomoa na spika ikarudi, kilimi kimechafuka au kimepinda. Nikiletewa amplifaya ndogo inayokata, hapa ndipo ninapoanzia, kabla hata ya kuuliza maswali.

Kusafisha matundu

Tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia vyuma vya umeme, au alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. WD-40 ya kopo la kawaida si dawa ya kazi hii. Inaacha mafuta yanayokamata vumbi. Petroli na mafuta ya taa usiyafikirie.

Chomoa umeme. Pulizia kidogo kwenye plagi, si ndani ya boksi, kisha ichomeke na kuichomoa mara kumi hadi ishirini. Acha ikauke. Kwa kilimi kaidi utafungua boksi: kata kipande chembamba cha kadi ngumu, kilowanishe kwa alkoholi, kipenyeze kati ya kilimi na chuma kinacholaliwa, kivute taratibu. Kikitoka na weusi, rudia kwa kipande kipya. Msasa unakwangua ngozi ya juu ya chuma, na baada ya hapo kutu hurudi upesi kuliko mwanzo. Kilimi kilichopinda husukumwa kwa kijiti mpaka kilale tena mahali pake. Kikiwa kimepoteza nguvu ya kujirudisha, badilisha jeki nzima. Bei yake ni ndogo, ila pima matundu ya miguu kwanza maana jeki hazifanani.

Volyumu na toni zinazokwaruza zinataka dawa ndani ya upenyo wake wa nyuma, kisha zizungushwe mwanzo hadi mwisho mara nyingi.

Hatua ya 4: Spika

Spika inatikisika kuliko kitu chochote ndani ya boksi, kwa hiyo nyaya zake hulegea. Umeme ukiwa umechomolewa, vuta vile vishikio vya kusukuma kwenye masikio ya spika, yaani vibati vya kuungia nyaya. Kikitoka bila upinzani, kikaze kidogo kwa koleo.

Kisha angalia nyuzi mbili laini zilizosukwa zinazotoka kwenye masikio kwenda kwenye karatasi ya spika. Hukatika kwa ndani huku zikionekana nzima kwa nje, hasa pale zinapoingia kwenye karatasi. Ondoa nyaya za amplifaya, weka multimita (mita ya kupimia umeme) kwenye omu. Spika ya omu 8 husoma kama 6 hadi 7, ya omu 4 husoma zaidi kidogo ya 3. Sukuma karatasi kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote, huku ukiangalia namba. Kisha chezesha kila uzi kwa kijiti. Namba ikiruka na kupotea, umeipata. Huna mita? Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye masikio ya spika: karatasi inaruka na kulia "tup". Irudie huku unachezesha nyuzi.

Kuzilehemu nyuzi hizi kunataka uangalifu. Lehemu inanywewa na uzi, uzi unakuwa mgumu, na utakatika tena pale pale ugumu unapoishia. Afadhali kununua uzi mpya wa spika kuliko kuunga wa zamani.

Hatua ya 5: Kufungua boksi

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Subiri dakika kadhaa. Kapasita kubwa (vipuri vinavyohifadhi chaji) za amplifaya ya transista kwa kawaida hubeba volti 30 hadi 50 kila upande, lakini pawa za kisasa nyepesi zisizo na transfoma kubwa zina kapasita inayofikia volti 325 hivi au zaidi kwenye umeme wa volti 230. Pima kwa mita kabla ya kugusa. Kama bado kuna chaji, imalize kwa rezista ya omu 2,200 ya wati 5 iliyoshikwa kwa koleo lenye plastiki. Ule mtindo wa kugonganisha kwa bisibisi mpaka cheche iruke unaharibu kapasita na unaweza kukuharibia macho. Na kama huwezi kutambua kapasita kubwa ni ipi, ishia hapa.

Jambo jingine, kwa kuwa nalikuta mara kwa mara: mtu amekata waya wa ethi, ule wa kinga unaokwenda ardhini, ili kuondoa mvumo. Urudishe. Mpiga gitaa mwenye mkono mmoja kwenye nyuzi na mdomo kwenye maikrofoni ndiye atakayelipa gharama ya ukimya huo.

Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa soketi yoyote. Kisha angalia tu. Mende wanapenda joto la transfoma, na kinyesi chao kwenye bodi hula njia za shaba na kupitisha umeme pasipotakiwa. Wakati mwingine ni mjusi aliyekauka juu ya pini mbili. Safisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu, kisha alkoholi.

Chunguza viungo vya lehemu kwa kukuza picha ya kamera ya simu. Unatafuta duara jembamba jeusi kuzunguka mguu wa kipuri, dalili kwamba lehemu imepasuka na mguu unacheza ndani yake. Anzia kwenye jeki, vitufe, relei, transista za pawa, na zile rezista nyeupe za saruji. Hizo rezista zinastahili jicho la pili. Kwenye amplifaya nyingi kazi yake ni kushusha volti za pawa hadi kama 15 kwa ajili ya aisii ndogo za sehemu ya mbele, kwa hiyo zinachemka muda wote, zinaichoma bodi mpaka kuwa ya kahawia, na mwisho zinajilehemua. Kiungo kikiachia, upande mmoja wa umeme unapotea na sehemu nzima ya mbele inanyamaza. Kikigusa tena, inarudi. Ukizilehemu upya, ziinue milimita chache juu ya bodi zipate hewa.

Usiyeyushe tu lehemu ya zamani. Inyonye yote, safisha, weka mpya. Mashine zilizotengenezwa baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia madini ya risasi kwenye vifaa vya umeme mwaka 2006 huwa na lehemu isiyo na risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi za Selsiasi badala ya 183 za ile yenye risasi, kwa hiyo chuma chako cha kulehemia kiwe cha moto kuliko ulivyozoea.

Ikiwa macho hayajaona kitu, kinabaki kijiti. Hiki ni kwa mwenye uzoefu wa kufanya kazi umeme ukiwa unapita: muziki wa simu unaimba, kijiti kikavu cha mbao, mkono wa pili nyuma ya mgongo, pete na saa vimevuliwa. Gonga bodi polepole, eneo kwa eneo. Unapogonga na sauti ikakata, punguza nguvu na usogee mpaka mguso mdogo kabisa uikate. Kisha zima, chomoa, ndipo ushike.

Relei na joto

Ukiwasha, relei hulia "tak" baada ya sekunde chache. Ikiwa sauti inapotea bila relei kulia, na ile dalili ya kurudi kwa noti kubwa ipo, huenda vyuma vyake vya ndani vimeungua kidogo. Badilisha relei, kwa volti zile zile za koili, 12 au 24, na ampia zisizopungua za zamani. Lakini ikiwa inalia kila sauti inapokata, inafanya kazi yake na inakuonya. Usiiruke kwa waya. Pima volti za DC kwenye waya wa spika, upande wa kabla ya relei, bila muziki: makumi machache ya milivolti si neno, volti kadhaa maana yake pawa ni mbovu na spika ingeungua.

Kuhusu joto, aisii kama LM3886 hujizima ndani yake ikifika nyuzi 165 na kuwaka tena ikishuka hadi 155, kwa hiyo utasikia kukata na kurudi kwa mpangilio. Usiibadilishe, tafuta kinachoichemsha. Skrubu ya kuibana kwenye alumini imelegea, feni imesimama, kuna kitambaa kimefunika matundu ya hewa, au mtu ameongeza spika ya pili ya omu 4 kwenye mashine isiyoruhusu chini ya 4, na sasa inaona 2. Pima pia soketi ya ukutani wakati ukumbi mzima umewasha taa. Umeme ukishuka sana au jenereta ikihema, aisii ndogo za mbele hukosa volti zake na kunyamaza zenyewe.

Za valvu

Zile zenye chupa za kioo zinazowaka hubeba volti 300 hadi 500 ndani, wakati mwingine hata zikiwa zimezimwa, ndiyo maana sikuelekezi kuzifungua. Vipimo vya Send na Return vinafaa, na valvu ndogo ikishapoa unaweza kuibadilisha na nyingine ya namba ile ile. Tofauti kubwa ni hii: sauti ikianza kukatakata na unashuku waya wa spika, acha kupiga papo hapo. Amplifaya ya transista haijali ikikosa spika. Ya valvu inaweza kuunguza transfoma yake ya kutolea.

Kabla ya kusema imepona

Funga boksi, kaza skrubu zote, piga kwa sauti ya shoo kwa saa nzima. Bodi iliyo wazi mezani haitikisiki kama iliyo nyuma ya spika ya inchi 12. Legeza kebo, inamisha boksi, ligonge kwa kiganja juu na pembeni.

Ukiamua kuipeleka kwa fundi, na kwa bodi zenye vipuri vidogo vya kulala, vinavyolehemiwa juu ya bodi bila miguu ya kupenya matundu, huo ndio uamuzi sahihi, mpelekee pamoja na kebo na waya wa umeme unaotumia, na karatasi yenye mambo manne: taa ilibaki inawaka au ilizima, kipimo cha Send na Return kilisema nini, hedifoni ziliimba au la, na ilichukua muda gani kukata. Video ya simu inayoonyesha ikikata itamsaidia zaidi. Mwambie asibadilishe aisii kabla ya kukuonyesha alichokipima.